Manyoya ya Karani

Siku niliyotoka eda sikwenda sokoni wala sikutembelea ndugu. Nilioga, nikavaa, nikachukua kanga yangu moja mpya na kupanda gari la Mikumi kumfuata Karani.

Karani ni kasuku. Ni wa kijivu mwenye mkia mwekundu, amemzidi njiwa kidogo kwa ukubwa. Marehemu mume wangu, Mwinshehe, alipewa na rafiki yake wa Kigoma siku zile alipokuwa akifanya kazi kwenye treni, akamleta nyumbani kwetu Magomeni, hapa Kilosa, ndani ya kikapu. Alimwita Karani kwa sababu ya mwendo wake. Anatembea juu ya kijiti taratibu, kichwa kakilaza upande, kama mtu wa ofisini anayekagua kazi za wenzake. Tulikaa naye mpaka watoto wakaoa na kuolewa na nyumba ikabaki ya wazee wawili na ndege.

Mwinshehe ndiye aliyemfundisha kusema. Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani, Karani alikuwa akikohoa kikohozi cha mume wangu, kile kikavu cha asubuhi, kisha anasema kwa sauti ya Mwinshehe mwenyewe: "Mama Hidaya, umeamkaje?" Mume wangu alipougua na ulimi wake ukawa mzito, Karani aliendelea kunisalimia badala yake. Wajane wengine hubaki na picha ukutani. Mimi nilibaki na sauti.

Sasa nimseme Maganga.

Maganga ni Msukuma wa Tindiga. Wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa, yeye akalima mpunga, akapata, akafungua grosari Mikumi kando ya barabara kuu. Alikuwa rafiki wa mume wangu, na kwa kuwa sisi ni Wasagara na wao ni Wasukuma, alikuwa pia mtani wetu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na hutakiwi kununa. Kwenye msiba ndipo kazi yake ilipo hasa. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyokuwa akitembea, anakalia sufuria la wali mpaka apewe kitu. Watu wanacheka huku wanalia, na moyo unapata nafasi ya kupumua. Akichukua kitu mnakikomboa kwa kuku au kwa chochote, naye anarudisha. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakifanya.

Kwenye msiba wa mume wangu Maganga alivaa kofia ya treni ya Mwinshehe, akapita uani akipuliza filimbi na kuwadai wafiwa tiketi. Kisha akachukua tundu la Karani akaliweka begani. "Huyu ndiye mrithi," akasema. "Namchukua nikamtafutie mke." Nilicheka, nami nilikuwa sijacheka tangu Mwinshehe alazwe. Tukampa jogoo kumkomboa Karani, naye akamla papo hapo, mifupa akaitafuna. Jioni akapakia tundu kwenye gari lake, akaondoka nalo.

Nilidhani atalirudisha kesho yake. Wanangu walipompigia simu alijibu kwamba jogoo alikuwa mgumu, na kwamba utani hauna kesi, hata wakienda polisi hakuna askari atakayeandika.

Mimi nilikuwa ndani, katika eda. Mjane aliye edani hatoki kwenda kugombana Mikumi, na Maganga alilijua hilo vizuri, maana si mgeni kwetu. Ndiyo maana nasema hakuwa anatania. Mtani anatania na mtu anayeweza kumfuata.

Mama yake, kikongwe wa Tindiga, alipata habari. Aliniletea maziwa mgando kwenye kibuyu, kwa mkono wa mpita njia, na maneno machache: "Mwambie sikumlea hivyo." Niliyanywa yale maziwa siku nzima, kidogo kidogo, nikiwaza nitakachomfanyia mwanawe.

*

Grosari ya Maganga ilikuwa imejaa madereva wa malori. Muziki ulikuwa unapigwa mchana kweupe, na spika ilikuwa juu ya kaunta. Kando yake nikaona tundu.

Sikumtambua aliyekuwa ndani. Kifua kilikuwa uchi, ngozi nyekundu yenye vidonda, kama kuku aliyetolewa kwenye maji ya moto na mpishi akaitwa kabla hajamaliza kumnyonyoa. Mapaja nayo yalikuwa matupu. Kichwa tu ndicho kilichobaki na manyoya yake, kwa kuwa mtu hawezi kujing'ata kichwani. Dereva mmoja alikuwa akimnywesha bia kwa kifuniko cha chupa, mwenzake kamwelekezea simu.

"Karani," nikamwita.

Hakugeuka. Aliinamisha mdomo kifuani, akatafuta, akang'oa unyoya, akaudondosha juu ya wenzake sakafuni.

Maganga akatokea kwa nyuma. Ni mtu mrefu, mnene, mwenye nywele nyingi na ndevu za kushuka mpaka kwenye kifungo cha pili cha shati, zote nyeusi kwa rangi ya piko. Anazitunza kuliko anavyotunza ng'ombe.

"Shikamoo bibi kizee," akasema. "Kumbe eda haikukumaliza?"

"Marahaba, mwizi."

Madereva wakacheka. Maganga akacheka kuwazidi.

"Mtani wangu huyo. Kamfuata mume mdogo. Bibi, umechelewa, tumeshamnyonyoa, bado kumtia chumvi."

"Nani amemfanya hivi?"

"Kajifanya mwenyewe. Wallahi, kama mnavyosema ninyi, sijamgusa hata kwa kidole. Mwanzoni alikuwa anaongea, wateja wanafurahi. 'Mama Hidaya, umeamkaje', na meza nzima inaitikia salama. Siku hizi kawa bubu. Leta beberu nikupe."

Nilikuwa nawaza meza nzima ya walevi wakiitikia salamu yangu.

Mkewe, Doto, alitoka jikoni akifuta mikono. Alipiga goti dogo, akaniamkia, kisha akalinyanyua tundu kutoka kwenye kaunta na kuliweka mikononi mwangu bila kumwangalia mumewe.

"Usiku nilikuwa namfunika kitenge changu, bibi," akasema taratibu. "Na nilikuwa namchemshia mahindi. Zaidi ya hapo sikuweza."

Kitenge kile kilikuwa bado kimetundikwa kwenye msumari juu ya tundu. Nilikiona, na mpaka leo nakikumbuka rangi yake.

"Mnaniibia mchana," akasema Maganga, bado anacheka.

"Maganga, utani una pande mbili."

"Nani asiyejua? Siku yangu ikifika nifanye utakavyo, bibi. Sitafungua mdomo. Hawa wote mashahidi." Akawanyooshea mkono madereva, kisha mkono ule ule ukarudi kuzipapasa ndevu.

Nikaziangalia zile ndevu. Nikamfunika Karani kanga yangu mpya, nikatoka. Njia nzima ya kurudi Kilosa nilimsikia chini ya kanga akijing'oa, na kila aliponyamaza niliogopa zaidi.

*

Afisa mifugo wa kata yetu anaitwa Getrude. Ni binti mwenye maneno machache, na alianza kwa kusema ukweli.

"Kasuku sijawahi kutibu, bibi. Mimi ni wa ng'ombe na kuku. Lakini nina mwenzangu tuliyesoma naye, yuko Morogoro, ngoja nimpigie."

Akapiga simu akaiweka sauti kubwa ili na mimi nisikie. Akawa anaulizwa, anatazama, anajibu. Alimmulika Karani chini ya mabawa kutafuta utitiri, hakuukuta. Alitazama mavi yake, alitazama ulimi. Akasafisha vidonda na kumpaka dawa, naye Karani akamng'ata kidole mpaka damu. Getrude alisema tu, "Pole, najua," akaendelea. Nilimpenda kuanzia hapo.

"Ngozi yake haina ugonjwa," akaniambia mwishoni. "Katolewa kwa mtu wake, kawekwa penye kelele na taa, na hana la kufanya kutwa. Akaona ajifanyie hilo. Dawa yake ni maisha, bibi, na itachukua muda."

Akanieleza maisha hayo. Tundu likae pembeni mwa ukuta, ili awe na mgongo wa kuegemea. Jua la asubuhi. Maji ya uvuguvugu anyunyiziwe kama mvua ndogo. Papai, mchicha, karoti, mahindi ya kuchemsha, na alizeti kidogo tu. Giza na kimya kuanzia magharibi. Apewe vitu vya kuchana, kwa sababu mdomo wake lazima uchane kitu. Na nikimkuta anajinyonyoa nisimkimbilie wala kumkemea, maana atajifunza kuwa hivyo ndivyo bibi anavyoitwa.

Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Unamwona mtoto wako anajiumiza na unaambiwa uendelee kuchagua mchele.

Mimi nasuka mikeka. Nikampa ukindu. Siku za kwanza aliuogopa kama nyoka. Nikakaa karibu na tundu, nikawa nasuka na kumwachia ncha moja ndani, kama naisahau. Siku moja ukindu ukavutwa. Nikaangalia pembeni nikijifanya sijui. Ukavutwa tena, ukachanwa, na nyuzi zikaanza kudondoka chini mahali palipokuwa panadondoka manyoya. Getrude alipopita jioni ile na papai lake mkononi, maana hakuwa anakuja mikono mitupu, nilimwonyesha zile nyuzi.

Kifuani yakaanza kuchomoza manyoya mapya, madogo, magumu, kama sindano zimechomekwa kwenye ngozi. Nikaanza kusikiliza asubuhi. Kikohozi hakikuja, lakini nilikuwa na subira.

Kisha akaanza tena.

Sikuelewa. Chakula kile kile, jua lile lile. Asubuhi anachana ukindu vizuri, jioni anajing'oa zile sindano mpya moja moja, na sindano zinatoa damu. Nilihamisha tundu, nikalirudisha. Niliosha kila kitu. Getrude alikuja jioni moja akaomba akae tu, asifanye chochote. Alikuwepo jirani yangu Elizabeti, aliyekuja kuazima kinu, tukawa tunaongea kama kila siku. Elizabeti alipoondoka Getrude akasema:

"Bibi, nilikuwa namwangalia yeye. Ninyi sikuwaangalia. Mlipoongea habari za mvua alikuwa anachana. Ulipomtaja yule mtu wa Mikumi aliacha ukindu, akaweka mdomo kifuani. Mkaongea habari za harusi, akaacha kujing'oa. Ukamrudia yule mtu, naye akarudia."

"Hajui Kiswahili cha namna hiyo. Anajua salamu."

"Maneno hajui. Sauti anaijua. Ukimtaja yule, sauti yako inakuwa nyingine. Hata mimi niliogopa kidogo."

Nikaokota unyoya uliodondoka chini ya tundu.

"Kwa hiyo nimsamehe?"

"Mimi ni wa mifugo," akasema Getrude. "Sijasema umsamehe. Nimesema usimseme mbele ya ndege."

Nilijaribu. Elizabeti akilianzisha nilimgeuza tukaongea mengine. Lakini mikono ikawa inasema. Nikimkumbuka Maganga nilivuta ukindu kwa nguvu mpaka unakatika, na Karani ananisikia. Nikawa nakaa mbali naye, akajing'oa kwa upweke. Nikarudi karibu, akajing'oa kwa hasira yangu. Nilisali nipewe moyo wa kusamehe, nikaungojea, haukuja. Basi nikaelewa kwamba kitu kile kilitakiwa kitoke kwangu kwa mlango mwingine, na mlango huo Maganga mwenyewe alinifungulia, mbele ya mashahidi.

*

Mama yake Maganga alifariki wakati mpunga unavunwa. Nilimlilia kwa kweli, kwa ajili ya maziwa yale. Nilikwenda Tindiga siku ile ile, nikakaa na wanawake, nikachambua mchele, nikalala chini kama wengine. Sikumtania mtu. Maganga alipita mara kwa mara, macho mekundu, akaniamkia vizuri bila mzaha, nami nikamwitikia vizuri na kumpa pole. Marehemu alistahili kuzikwa kwa heshima, na alizikwa hivyo.

Wenzetu wale wana desturi. Asubuhi ya kuanua matanga wafiwa wananyolewa, na mwenye kushika wembe wa kwanza ni mtani; kazi ikiisha wembe hukabidhiwa mzee wa ukoo, ndipo matanga yafungwe. Mzee Hezekia, mdogo wake marehemu, alisimama katikati ya uwanja akauliza, "Mtani wa kunyoa yupo?"

"Yupo," nikasema, nikainuka kutoka kwa wanawake. Wembe ulikuwa kwenye pindo la kanga yangu. Nilitoka nao Kilosa.

Maganga alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Alipoona ni mimi, mkono wake ukaenda kwenye ndevu.

"Mjomba," akamwambia Hezekia, "hakuna mtani mwenye macho?"

"Watani hawachaguliwi kama ng'ombe," akajibu Hezekia. "Kaa."

"Bibi, unaona kweli?"

"Sioni sana. Wewe usitikisike, usije ukabaki na sikio moja."

Uwanja ukaanza kucheka. Nikamwagia maji.

"Ya baridi hayo," akasema.

"Ya moto ni ya kunyonyolea kuku. Halafu uliahidi hutafungua mdomo. Palikuwa na mashahidi."

Baadhi ya madereva wa Mikumi walikuwa wamekuja kuhani. Mmoja akasema kwa sauti, "Tulikuwepo, bibi," na wengine wakaitikia. Nikaanza kunyoa.

Nilianzia katikati ya utosi nikashuka upande wa kulia. Nilinyoa vizuri, sikumkata hata mara moja. Nywele zilidondoka kwa mafungu, piko juu na mvi chini kwenye mizizi, na watu wakaona. Nikaingia kwenye ndevu. Upande wa kulia wote, mpaka kidevuni katikati. Masharubu upande wa kulia. Kisha nyusi ya kulia, na hapo aliguna lakini hakusema. Nilifanya kazi polepole sana. Nimetunza watoto na wajukuu, najua kunyoa bila haraka.

Nilipofika katikati nikasimama, nikaufuta wembe, nikaufunga kwenye pindo la kanga.

"Nimechoka," nikasema. "Mimi ni mtu mzima."

Uwanja uliangua kicheko. Wanawake walikuwa wanashikana. Maganga alikaa pale, nusu mtu wa jana, nusu yai.

"Malizia, mtani," akasema, naye akijaribu kucheka.

"Jikomboe kwanza."

"Chukua mbuzi."

"Sitaki mbuzi."

"Chukua beberu, basi. Chukua ndama."

"Maganga, sikiliza. Kasuku wangu alikuwa na sauti ya mume wangu. Kila asubuhi mume wangu alikuwa ananisalimia, hata baada ya kufa. Ulimchukua Karani akiwa na sauti hiyo, mimi nikiwa ndani siwezi kutoka. Akarudi uchi, na sauti hana. Sitaki mbuzi. Nirudishie salamu yangu, nami nitakurudishia upande uliobaki."

Kicheko kilikufa. Niliona uso wake ukibadilika, ule upande uliokuwa wazi, kwa sababu sasa haukuwa na mahali pa kujificha. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alielewa alichokuwa amebeba begani siku ile. Sikumwonea huruma. Nilikuwa nimeingoja sura hiyo muda mrefu, na nikaitazama mpaka nikashiba.

Akamgeukia mjomba wake. "Si mtu mwingine anaweza kumalizia?"

"Wembe akiuanza mtani, anaumaliza yeye," akasema Hezekia. "Hapo sina la kusaidia. Utani hauna kesi, sivyo unavyosemaga?"

Maganga akamwita mkewe amletee kofia. Doto alikuwa kwenye kundi la wanawake, kitenge kile kile kiunoni.

"Nimeifua," akasema. "Haijakauka."

*

Nilirudi Kilosa nikakaa karibu na tundu, nikachukua ukindu, nikamweleza Karani yote tangu mwanzo. Nilimtaja Maganga kwa jina. Nilicheka mwenyewe mpaka machozi. Karani alilaza kichwa upande akanisikiliza, akashuka kijiti cha chini, akavuta ncha ya ukindu. Mdomo wake haukwenda kifuani. Nikamtaja tena kumjaribu. Akaendelea kuchana.

Habari za Mikumi zilinifikia bila kuziuliza. Madereva walikuwa wamempa jina, Nusu Bei. Wanasimamisha malori na kuingia kwenye grosari kuangalia tu. Alijaribu kujifungia nyumbani, lakini mwenye biashara hawezi kukaa ndani sana. Nilifurahi kila habari ilipofika, na Karani akawa anaota manyoya.

Mwishowe alikuja. Alifika na bodaboda, kofia ngumu kichwani, akaingia nayo mpaka barazani bila kuivua.

"Shikamoo bibi."

Kabla sijaitikia, sauti ikatoka kwenye tundu. Haikuwa ya Mwinshehe. Ilikuwa yangu mimi, kali, kama ilivyokuwa jioni zile nikiongea na Elizabeti: "Mwizi yule wa Mikumi."

Maganga akasimama mlangoni. Mimi mwenyewe niliona aibu kidogo, nikaficha.

"Ananijua," akasema.

"Anakujua. Vua kofia ukae."

Akaivua. Upande ulionyolewa ulikuwa umeota, mweupe wote, na upande mwingine mweusi wa zamani. Alitoa simu mfukoni.

"Doto amezunguka sana, bibi. Wateja walikuwa wanampiga video zile siku za mwanzo. Kaipata kwa dereva mmoja wa malori ya miwa, wa Kidodi. Sijui kama inafaa."

Akabonyeza. Kulikuwa na kelele za chupa na muziki, kisha, juu ya kelele hizo, kikohozi kikavu. "Mama Hidaya, umeamkaje?" Na watu wakaitikia wakicheka.

Karani alishuka kijiti baada ya kijiti mpaka chini karibu na simu, akalaza kichwa. Maganga akarudia bila kuambiwa, akaiweka sauti chini. Mimi nikasema naingia ndani kutafuta wembe. Wembe ulikuwa kwenye pindo, lakini niliingia, nikakaa kitandani kidogo.

Nilipotoka nilikuwa na maji ya uvuguvugu. Nikamnyoa upande wa kushoto, nywele na ndevu. Nyusi nikamwachia, ili zote mbili zifanane ile ya kwanza ikimaliza kuota. Akajipapasa kichwa, akashukuru, akanyoosha mkono apewe wembe ampelekee mjomba wake matanga yafungwe.

"Huu unabaki kwangu," nikasema. "Umeleta simu. Salamu yenyewe bado. Karani akinisalimia kama zamani, nitaupeleka kwa Hezekia mwenyewe. Mpaka hapo kichwa chako ni changu. Kinyozi asikuguse, piko usipake. Nywele zikichomoza unakuja hapa nakunyoa, na ukija uje na papai."

"Bibi, na asiposema kabisa?"

"Basi utakuwa unakuja kabisa."

Na anakuja. Anakaa kwenye kigoda changu na kichwa chake cheupe, anamkatia Karani papai vipande vidogo, analeta ukindu mzuri wa Tindiga kuliko ninaoupata hapa. Karani humwita mwizi, naye huitikia. Ile sauti alinihamishia kwenye simu yangu, na kila asubuhi naichezesha, chini chini. Kifua chote kimefunikwa sasa, limebaki doa dogo shingoni, na Getrude anasema doa hilo huenda lisiote tena.

Juzi alfajiri nilikuwa bado sijaigusa simu. Nilikuwa nimelala nikiisikiliza mvua juu ya bati, ndogo, inayokatika. Kisha kikohozi.

"Mama Hidaya, umeamkaje?"

"Salama," nikasema. "Salama, baba."

Nililala pale mpaka jua likaingia. Doto alipiga simu asubuhi ile kama anavyopiga mara nyingi, kuuliza hali ya mgonjwa. Nikamwambia. Nikamsikia akipenga kamasi, nikajua anafuta macho.

"Basi nimwambie Maganga, bibi? Jana kajitazama kwenye kioo cha gari muda mrefu."

Nikamwangalia Karani. Alikuwa juani, kashika ukindu kwa mguu mmoja, anauchana kwa utulivu.

"Usimwambie," nikasema. "Yale mapapai yake Karani anayapenda."